Vishikwambi 24 kwa Wanafunzi 72: Uchambuzi wa Kisa cha Darasa la Kiswahili Wilayani Isingiro

Shule tunayoichambua ni sekondari ya kutwa wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Haina jina hapa kwa sababu si shule moja. Ni kisa cha kufundishia, kilichounganishwa kutokana na hali zinazojirudia katika shule nyingi za aina hii, na hesabu zake zimewekwa wazi ili mwalimu yeyote aondoe namba zetu aweke zake.

Darasa ni la kidato cha pili, S2 kama linavyoitwa Uganda, lenye wanafunzi 72 na mwalimu mmoja wa Kiswahili anayefundisha mikondo minne. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima S1 na S2, ilhali walimu wake hawatoshi. Shule zilipofunguliwa tena Januari 2022 baada ya kufungwa karibu miaka miwili, wafadhili walikuja na vifaa. Hii yetu ilipata vishikwambi 24, seva ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye programu ya Kolibri, na ruta moja. Intaneti hakuna, wala haihitajiki: Kolibri huhifadhi masomo yote ndani ya seva na kuyagawa kwa Wai-fai darasani. Simu za wanafunzi haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo vifaa ni hivyo 24 tu.

Jambo linalolifanya darasa hili liwe gumu, na zuri kulichambua, ni mchanganyiko wake. Karibu nusu ni watoto wa Runyankole, lugha ya wenyeji, ambao Kiswahili wamekisikia kwa mbali, sokoni au kwa askari. Wengine wanatoka Nakivale. Wamekulia Kongo ya mashariki au wamezaliwa makazini, na Kiswahili ni lugha wanayocheza nayo mpira. Baadhi yao nyumbani huongea Kinyarwanda. Somo moja la maamkizi linawachosha hawa na kuwapita wale kwa wakati mmoja.

Dakika arobaini zinavyoliwa

Mpango wa kwanza huwa ule ule kila mahali: vishikwambi 24, wanafunzi 72, basi watatu kwa kimoja. Kipindi ni cha dakika 40. Sanduku linatolewa ofisini kwa mkuu wa masomo, dakika 4. Kugawa kwa kuita majina na kusaini daftari, dakika 6. Kuwasha, kuunganisha Wai-fai, kuandika jina na nywila, dakika 7. Viwili au vitatu vinagoma na mwalimu anakwenda kuviangalia huku darasa zima likisubiri, dakika 4. Mwishoni ni kukusanya na kuhesabu, maana hatoki mtu mpaka idadi itimie, dakika 6. Jumla 27. Zimebaki 13, na ukizigawa kwa watatu kila mtoto ameshika kifaa dakika nne na ushei.

Hata hizo nne hazigawanywi sawa. Katika kundi la watatu, kifaa hushikwa na anayejua zaidi, na katika darasa hili anayejua zaidi ni mtoto wa Nakivale, ambaye zoezi la "Habari za asubuhi" halimwongezei kitu. Mwenzake aliyelihitaji anatazama begani. Ukipita dirishani utaona vichwa vimeinamia vioo na darasa limetulia, na ni rahisi kudhani kazi inakwenda.

Shule nyingi hupiga hesabu ya teknolojia kwa shilingi peke yake, wakati deni la kwanza hulipwa kwa dakika. Kila dakika ambayo kifaa kinaila lazima kiirudishe kwa kufanya kazi ambayo mwalimu mwenye chaki asingeweza kuifanya katika dakika hiyo. Kwa kipimo hiki mpango wa kwanza umeshindwa kabisa, na mafunzo ya kompyuta kwa mwalimu yasingeuokoa. Kilichohitaji kubadilishwa ni ratiba.

Kipindi pacha na makundi matatu

Shule ilihamisha vishikwambi kwenye kipindi pacha cha dakika 80, mara moja kwa wiki kwa kila mkondo. Darasa linagawanywa makundi matatu ya watu 24 yanayopokezana. Kundi moja liko kwenye vishikwambi, kila mtoto na chake. La pili liko mbele ya mwalimu kwa mazungumzo. La tatu linaandika kwenye daftari. Hesabu ni hii: dakika 5 za kuanza, mizunguko mitatu ya dakika 22, dakika 2 kila makundi yanapobadilishana mahali, mara mbili, na dakika 5 za kukusanya. Jumla 80.

Dakika 5 za kuanza zinawezekana tu ikiwa kazi imefanyika wakati wa mapumziko. Viranja wawili wanawasha seva na ruta dakika kumi kabla, kwa kuwa Raspberry Pi huchukua muda kuamka na Kolibri huchelewa zaidi. Kila kishikwambi kina namba iliyoandikwa mgongoni kwa rangi ya kucha, ambayo haifutiki kwa jasho kama kalamu ya maka, na namba hiyo ndiyo ya kiti. Mwanafunzi haiti mtu wala hasaini kitu: akikuta namba 17 haipo mezani, anasema. Kuhesabu mwishoni ni kutazama meza zisizo na kifaa.

Nywila ziliondolewa. Kolibri ina mpangilio unaomruhusu mwanafunzi kuingia kwa jina lake tu, na dakika 7 zinashuka kuwa moja. Hasara yake ni halisi: mtoto anaweza kuingia kwa jina la mwenzake, kwa utani au kwa kumfanyia zoezi, na rekodi ikamsingizia. Kwa mazoezi ya kila wiki tunaona hasara hiyo inavumilika. Kwa alama zinazoingia kwenye tathmini endelevu haivumiliki, na alama hizo zisichukuliwe kwenye kishikwambi kabisa.

Kuna kero moja ndogo inayokula dakika nyingi kuliko inavyostahili. Simu na vishikwambi vya Android vikiunganishwa na Wai-fai isiyo na intaneti hulalamika kwamba mtandao hauna intaneti, na kama hujakubali kubaki, huachana na mtandao huo kimya kimya. Mwanafunzi anaona ukurasa hautoki na anainua mkono. Dawa yake ni ya mara moja: kwa kila kifaa, kubali ubaki kwenye mtandao na uweke alama kwamba usiulizwe tena, kisha futa mitandao mingine yote iliyohifadhiwa. Zima pia masahihisho ya maneno kwenye kibodi, au ongeza kibodi ya Kiswahili, la sivyo mashine itakuwa inageuza Kiswahili cha mtoto kuwa Kiingereza mbele ya macho yake naye akadhani amekosea yeye.

Mwalimu sasa ana watoto 24 mbele yake badala ya 72, kwa dakika 22. Ukigawa, ni karibu dakika nzima ya kuongea kwa kila mtoto. Mtoto anayesema kwa dakika moja akasahihishwa papo hapo ameongea Kiswahili kuliko alivyoongea wiki nzima katika darasa la kuitikia kwa pamoja.

Kundi la tatu ndilo dhaifu na linastahili kuangaliwa. Watoto 24 wenye daftari bila mwalimu watapiga soga ikiwa kazi haina mwisho unaoonekana. Kinachofaa ni imla ya wawili wawili, mmoja anasoma mwingine anaandika, kisha wanabadilishana. Au insha ya mistari minane yenye kichwa kilichopo ubaoni. Kundi hili halifai kupunguzwa ili kuongeza muda wa vishikwambi. Mtihani wa UCE, ule wa mwisho wa kidato cha nne, ni wa karatasi na kalamu, na mkono uliozoea kugusa majibu hauandiki insha.

Kalamu na karamu

Sasa tuje kwenye kazi ambayo kishikwambi kinaifanya kuliko chaki. Alfabeti ya Runyankole haina l. Salamu yao ya asubuhi, "Oraire ota?", ina mzizi ule ule wa kulala, ila kwa r. Kwa hiyo mtoto wa Isingiro anayesoma Kiswahili hakosi kwa uzembe anapoandika kura akimaanisha kula. Sikio lake halijawahi kulazimika kutenganisha sauti hizo mbili. Kinyarwanda nacho kina tatizo la karibu na hilo, kwa hiyo baadhi ya watoto wa Nakivale wanalo pia.

Kutibu sikio kunataka marudio mengi ya jozi zile zile: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari, fahali na fahari. Mwalimu anaweza kuzitamka mara kumi mbele ya watu 72, lakini wa nyuma hasikii, na anayehitaji mara ya kumi na moja haombi. Kwenye kishikwambi mtoto anabonyeza tena na tena bila mtu kujua ni mara ya ngapi. Hapa dakika zinarudi, tena kwa faida.

Sauti hizo hazipatikani tayari. Kolibri ina masomo ya Khan Academy kwa Kiswahili, na kuna hadithi za African Storybook ambazo ni nzuri kwa kusoma, lakini hakuna aliyetengeneza zoezi la l na r kwa ajili ya mtoto wa Runyankole. Mwalimu anarekodi mwenyewe kwa simu, chumbani, blanketi likiwa limetundikwa nyuma yake ili sauti isirudi ukutani. Kila rekodi ni ya dakika 2, jozi nne, kila neno mara tatu, kisha sentensi moja: "Nipe kalamu nikaandike kadi ya karamu." Ikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, dakika moja ni karibu nusu megabaiti. Rekodi 40 ni megabaiti 40 tu. Video ya ubora wa chini hula takriban mara kumi ya hapo na haimwongezei kitu mtoto anayejifunza kusikia.

Kuziingiza kunataka safari moja mjini, Mbarara kwa mfano. Rekodi na maswali hupandishwa Kolibri Studio, ambayo hufanya kazi kwa intaneti tu, yanapangwa kuwa chaneli, chaneli inashushwa kwenye kompyuta yenye Kolibri, inahamishiwa kwenye flashi, na flashi inachomekwa kwenye seva shuleni. Anayesahau hatua ya flashi hurudi Isingiro na maswali mazuri yaliyobaki hewani. Ni busara kuandaa ya muhula mzima kwa safari hiyo moja.

Kuna mambo mawili yanayoharibu kusikiliza. Kwanza ni vishikwambi 24 vinavyopiga sauti kwa pamoja chini ya paa la mabati: hapo hakuna anayesikia chochote. Hedifoni za waya 24 ni lazima, na nyingine 8 za akiba, kwa kuwa hukatika penye pini ya kuchomekea ndani ya muhula. Pili ni mvua. Katika misimu ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mvua ya alasiri juu ya mabati huzamisha hata hedifoni. Kipindi pacha cha vishikwambi kiwekwe asubuhi. Mwenye kupanga ratiba asipoambiwa sababu, atakipeleka saa nane mchana, kwa kuwa asubuhi huachiwa hisabati na fizikia.

Kosa moja, watoto wawili

Upande wa pili wa mashine hii unaonekana kwenye ngeli. Zoezi linauliza wingi wa kitabu. Mtoto wa Runyankole anachagua bitabu, na mtoto wa Nakivale anachagua bitabu. Wote wawili wanapata alama ya kosa na rekodi ya mwalimu inawaonyesha sawasawa.

Hawako sawa hata kidogo. Wa kwanza ameazima ebitabo ya lugha ya mama yake, kama anavyosema abantu na ebintu, na bado hajajua kwamba Kiswahili kina vi-. Wa pili anasema Kiswahili cha Kongo, ambacho wingi wake ni batu, bintu, bitabu, batoto, na anakisema kwa ufasaha kuliko mtu mwingine yeyote darasani. Huyu hahitaji kufundishwa ngeli mwanzo hadi mwisho. Anahitaji kuambiwa kwamba mtihani unataka Kiswahili sanifu, na kuonyeshwa pale sanifu inapotofautiana na anavyosema yeye. Akiambiwa kwa alama nyekundu tu, tena mara nane mfululizo, anajifunza kwamba lugha aliyotoka nayo nyumbani ni makosa. Tunalipinga hilo kwa moyo wote. Mtoto aliyepoteza nyumba asinyang'anywe na lugha kwa sababu ya uvivu wa kutunga maswali.

Kurekebisha kunawezekana. Kolibri inamruhusu mwalimu kuunda makundi ndani ya darasa na kuligawia kila kundi masomo yake. Kundi la Nakivale linapewa zoezi lenye kichwa "Nyumbani tunasema, mtihani unataka", ambapo bitabu imeandikwa wazi kama neno la Kiswahili cha Kongo na kazi ni kulioanisha na vitabu. Kundi la Runyankole linapewa ngeli kutoka mwanzo. Katika Studio kila swali linaweza kuwekewa kidokezo, na kidokezo kizuri kinaeleza sababu, hakitoi jibu. Hii ni kazi ya saa nyingi kwa mwalimu mmoja, na hatujui njia ya mkato inayofaa. Mwalimu wa mikondo minne apunguziwe zamu ya wiki moja kwa muhula ili aifanye.

Kuna kikomo ambacho makundi hayakivuki. Maswali ya Kolibri yanayojisahihisha ni ya kuchagua jibu, kweli au si kweli, au kuandika namba. Mashine haisomi sentensi ya mtoto. "Batoto banacheza" na "Watoto anacheza" ni makosa ya aina mbili yanayotaka majibu mawili, na anayeweza kuyasikia tofauti ni mwalimu aliye mbele ya watu 24. Ndiyo maana kundi la mazungumzo halifutwi hata siku ambayo vishikwambi vinafanya kazi vizuri.

Wanafunzi wa Nakivale wana kazi nyingine yenye tija. Wanaomaliza mapema wanasoma hadithi, na kila wiki wawili wanarekodi mazungumzo mafupi ya kununua nyanya au kuuliza njia, ambayo yanakuwa zoezi la kusikiliza la wenzao. Rekodi zisitaje majina yao wala wanakoishi, na mzazi au mlezi akubali kwanza.

Umeme: hesabu ya muuzaji na hesabu ya darasa

Muuzaji wa sola alipiga hesabu hivi. Betri ya kishikwambi ni mAh 5,100, sawa na saa-wati 19. Mara 24 ni 456, ongeza robo inayopotea wakati wa kuchaji, ni kama 570 kwa siku. Ongeza seva na ruta, wati 14 kwa saa sita, ni 84. Jumla karibu 650. Akapendekeza paneli mbili za wati 200, betri ya 12V 200Ah na inveta.

Hesabu yake haina kosa ila dhana yake: kwamba kila siku vishikwambi vyote huisha kabisa. Mkondo mmoja kwa siku ni dakika 66 za matumizi. Kishikwambi kikiwa na kioo kinachowaka hula takriban wati 3, kwa hiyo ni saa-wati 3.3, na ukiongeza robo ya upotevu ni kama 4.1. Mara 24 ni karibu 100. Pamoja na seva na ruta ni kama 185 kwa siku, chini ya theluthi ya hesabu ya kwanza.

Paneli moja ya wati 200, kwa saa 5 za jua kali na ufanisi wa asilimia 70, hutoa saa-wati 700. Siku ya mawingu mazito ikishuka hadi asilimia 40, bado ni 280. Betri ya asidi ya 12V 100Ah ina 1,200, na kwa kuwa haifai kushushwa chini ya nusu, zinatumika 600, yaani siku tatu bila jua kabisa. Hii inatosha. Fedha inayobaki ndiyo ya hedifoni, nyaya na kishikwambi cha akiba, vitu ambavyo ufadhili karibu kila mara huvisahau.

Inveta iachwe. Kugeuza 12V kuwa 240V kisha chaja irudishe 5V ni kupoteza mara mbili, na inveta iliyoachwa imewaka usiku kucha bila kazi hula wati 10 hadi 20: kwa saa 14 ni kiasi kile kile ambacho darasa zima linatumia kwa siku. Chaja za 12V za aina ya gari, zenye matundu ya USB, hufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi. Paneli ilazwe kwa nyuzi 10 hadi 15. Hapa tuko karibu sana na ikweta na mwelekeo hauna uzito mkubwa, lakini paneli iliyolala kabisa haisafishwi na mvua, na vumbi la Isingiro wakati wa kiangazi ni jingi.

Matundu ya kuchajia ndiyo hufa kwanza. Yale ya zamani ya micro-USB huvunjika ulimi waya unapoingizwa kichwa chini. Kama kuna hiari ya kununua, chukua USB-C.

Seva isiyojua tarehe

Raspberry Pi 4 haina saa yake yenyewe. Ikizimwa na kuwashwa bila intaneti, huendelea kutoka tarehe iliyokumbuka mwisho. Baada ya wiki kadhaa mwalimu anafungua ripoti na kukuta mazoezi ya Alhamisi yameandikwa Jumatatu ya mwezi uliopita. Wengi huilaumu programu. Dawa ni kipande cha saa cha DS3231 chenye betri ya kidonge, kinachochomekwa kwenye pini za Pi na kuwekewa mipangilio mara moja.

Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi: kuchomoa waya wakati seva inafanya kazi. Kadi ya kumbukumbu huharibika, na siku moja seva haiamki. Kiranja afundishwe kuizima kwa utaratibu na kusubiri taa ya kijani itulie kabla ya kukata umeme. Kadi ya pili, nakala kamili ya ya kwanza, ikae kwenye bahasha ndani ya kabati la mkuu wa masomo. Kubadilisha kadi ni dakika mbili, na kutafuta fundi ni muhula.

Wai-fai ya ndani ya Pi huanza kusuasua vifaa vinapofika kumi hivi, kwa hiyo ruta ya pembeni ni ya lazima. Ruta iwe ndani ya darasa lenyewe: kuta mbili za matofali zinatosha kuua mawimbi.

Kabati

Vifaa vingi vya shule haviharibiki, vinafungiwa. Sababu iko kwenye daftari la makabidhiano. Palipoandikwa kwamba mwalimu aliyetia saini atalipa kitakachovunjika, mwalimu mwenye akili timamu haombi ufunguo. Kishikwambi cha shilingi, tuseme, 400,000 ni sehemu kubwa ya mshahara wa mtu.

Bodi ya shule ikubali kwa maandishi kwamba kuvunjika darasani ni matumizi ya kawaida, na kuibwa nje ya utaratibu ni jambo jingine. Kisha itenge akiba. Vishikwambi 24 kwa bei hiyo ya mfano ni shilingi 9,600,000. Vikihesabiwa kuishi miaka minne, akiba ni 2,400,000 kwa mwaka. Mikondo minne ya watu 72 ni wanafunzi 288, kwa hiyo ni karibu 8,300 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Bodi isiyoweza kutenga hata nusu ya hiyo ijue mapema kwamba inaendesha mradi wa miaka hiyo minne tu, na ipange vitabu vya kuushika mkono utakapoisha.

Hisabati nayo iingie?

Mafanikio ya Kiswahili huleta ombi la kupeleka vishikwambi kila somo. Ushahidi wa kwingine unataka tahadhari. Tathmini ya Peru iliyochapishwa mwaka 2012, iliyohusisha shule 319 za vijijini zilizogawiwa kompyuta kwa watoto au kulinganishwa nazo, haikuona nyongeza katika hisabati wala lugha baada ya miezi 15. Utafiti wa Kisumu, Kenya, wa mwaka 2016 ulijaribu vifaa kwa wakufunzi, kwa walimu na kwa wanafunzi, vyote juu ya programu moja ya vitabu na mafunzo ya walimu. Usomaji ulipanda, lakini vifaa mikononi mwa wanafunzi havikuleta nyongeza iliyolingana na gharama yake. Kwa upande mwingine, programu iliyotumika Delhi baada ya saa za shule, ambayo hupima kiwango cha kila mtoto na kumpa zoezi la ngazi yake, ilipandisha hisabati na Kihindi ndani ya miezi minne na nusu. Na mkoani Tanga, katika shindano lililohitimishwa mwaka 2019, watoto wasiosoma shule katika vijiji 170 walijifunza kusoma Kiswahili kwa vishikwambi vilivyochajiwa kwa sola.

Tukiweka hayo kando ya darasa letu, jibu linategemea mada. Sehemu za namba katika S1, ambapo mmoja hajui kugawanya na mwingine anataka aljebra, zinafaa kwa sababu ile ile ya Kiswahili: ngazi ni nyingi na mwalimu ni mmoja. Uthibitisho wa jiometri haufai. Unataka ubao, rula na mtu anayeuliza "kwa nini?" kila mstari. Shule ilichagua kuongeza mada mbili tu za hisabati, kwa kipindi pacha kimoja kwa wiki mbili, na paneli ile ile ikatosha.

Kabla ya kufunga Desemba

Likizo ya mwisho wa mwaka ni ndefu, hadi Februari, na ndiyo huua vishikwambi vingi kuliko wanafunzi. Betri ya lithiamu ikiachwa na asilimia 5 hujimaliza yenyewe polepole, na Februari kifaa hakiwaki. Ikiachwa imejaa kwenye joto la stoo ya mabati huchakaa na wakati mwingine huvimba. Chaji vyote hadi kati ya 40 na 60, vizime kabisa, visilale tu, kisha vipange kwenye kreti vikiwa wima, vioo vikitazamana na kadibodi katikati. Stoo iwe chumba chenye dari. Mtu mmoja mwenye ufunguo avikague katikati ya Januari, na kilicho chini ya 30 akirudishe kwenye chaja kwa saa moja. Betri ya sola ibaki imeunganishwa na paneli kupitia kidhibiti chaji, mizigo yote ikiwa imekatwa. Hedifoni zilizokufa zihesabiwe siku hiyo hiyo, na idadi yake iandikwe kwenye bajeti ya muhula wa kwanza kabla mkuu wa masomo hajaondoka.